Firigisi ya Siku ya Ubatizo

Kwetu Uluguru, firigisi ya kuku ni ya baba. Kuku awe mdogo, nyumba iwe imejaa wageni, kipande kile kitaenda kwenye bakuli lake na hakuna wa kuhoji. Lakini ilikuwepo siku ambayo baba alikaa akaitazama ikipita mbele ya macho yake, nayo ni siku ya ubatizo ya mmoja wetu. Siku hiyo mama alikuwa akimwita mwenye siku, anachovya kidole kwenye maji ya baraka na kumchora msalaba kwenye paji la uso. Kisha anawasha mshumaa ambao mtoto huyo alipewa kanisani siku aliyobatizwa. Tunasali Nasadiki kwa sauti, na tukifika amina tu, mama anauzima upesi, kwa sababu mshumaa ule ulitakiwa umfikishe mtu mpaka kitanda chake cha kufia. Ndipo tunakula, na firigisi anapewa mwenye siku. Baba alizoea kusema, "Kula, mtoto wa Mungu, sisi wengine ni wa shetani," mama anamkemea, nasi tunacheka mpaka wali unatupalia.

Siku za kuzaliwa hazikuhesabiwa kwetu. "Kuzaliwa hata mbuzi anazaliwa," mama alisema. Mpaka leo nikiulizwa tarehe yangu ya kuzaliwa nasita kidogo, lakini ya ubatizo naitoa bila kufikiri.

Nilipoolewa na kuletwa Dar es Salaam nilikuta mambo mengine. Hapa mtu siku yake ya kuzaliwa anaviziwa mlangoni na kumwagiwa ndoo nzima ya maji, na aliyelowa ndiye anayenunua soda. Mume wangu ni Mkatoliki kama mimi, ila ni wa Krismasi na Pasaka, na alicheka sana nilipomweleza desturi ya kwetu. "Yaani nyie mnafanya bethdei ya maji ya kidole?" Hata hivyo alikubali, maana anapenda kuku. Ilipofika siku yangu ya ubatizo, akanitazama nikila firigisi kwa uchungu ule ule wa baba yangu.

Chumba tulichopanga kilikuwa Kariakoo, katika nyumba ya Kiswahili nyuma ya maduka ya vitambaa: ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, ua na choo nyuma. Mwenye nyumba alikuwa mama mtu mzima, mjane, wa watu wa pwani hii hii, na aliyeijenga nyumba ile ni baba yake. Tulimwita mama mwenye nyumba, wala hakuna aliyehitaji jina jingine. Chumba chake kilitazamana na chetu. Swala tano hazikumpita, na maneno hayakumkaukia mdomoni. Aliniruhusu niweke cherehani yangu barazani, nikawa nashona sare za shule na, msimu wake ukifika, magauni meupe ya komunyo. Mwezi wa Ramadhani nilikula ndani nimefunga mlango. Krismasi yeye alikuwa wa kwanza kuchungulia sufuria yangu na kuniambia mchele nimeuonea. Mama yangu mzazi alikuwa mbali milimani, kwa hiyo kwa mambo mengi mama yangu alikuwa huyu.

Mimba yangu ya kwanza ilikuwa haijatimia. Ilikuwa masika, mchana, na mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri mpaka barabara zote za mtaani zikawa maji matupu. Mume wangu alikuwa Mchikichini kwenye biashara yake ya viatu vya mitumba. Uchungu ulinikamata nikiwa nimeinama kuokota mkasi. Nikapiga yowe moja tu, na mama mwenye nyumba akaja mbio bila kandambili. Alituma watu watafute bajaji, wakarudi wakisema hakuna bajaji inayokubali kuingia kwenye yale maji. Mtoto hakusubiri. Alizaliwa pale pale juu ya mkeka, wa kike, na kichwa chake hakikujaza kiganja cha mama mwenye nyumba.

Niliona kwamba hatakaa. Watoto wa namna hiyo nimewaona kwetu, najua rangi yao. Mimi mwenyewe nilikuwa natoka damu na sikuweza kuinua hata kiwiko. Nikakumbuka tuliyofundishwa utotoni, kwamba kukiwa na hatari ya kufa mtu yeyote anaweza kubatiza, hata asiye Mkristo, mradi amwage maji na kusema maneno na kutaka kufanya lile ambalo Kanisa linafanya. Nikamwambia, "Mama, nibatizie mwanangu." Nikamfundisha: maji kichwani mara tatu, na useme nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Nikarudia, kisha nikarudia tena. Nikamwambia na jina. Jina hilo silisemi hapa, nimelibakiza kwangu.

Akachukua birika lake la kutawadhia, lililokuwa limebonyea mdomoni. Nikaona maji yakishuka. Nikasikia maneno. Mtoto alifumbua macho kidogo, akayafumba, akalazwa kifuani kwangu. Aliishi mpaka adhana ya alasiri.

Mume wangu alifika suruali imelowa hadi kiunoni, mwana ameshapoa. Padri naye alikuja kwa shida, mvua ilipopungua, akauliza kama mtoto alibatizwa. Nikasema ndiyo, na huyu ndiye aliyembatiza. Padri akamtazama mama mwenye nyumba, naye akaitikia kwa kichwa. Tulimzika na gauni jeupe nililokuwa nimemshonea mapema kwa kiherehere changu. Lingewatosha wawili wa kimo chake.

Basi mwaka uliofuata siku ile ilipokaribia, nilimwambia mume wangu kwamba tutaifanya. Mtoto huyu alizaliwa, akabatizwa na kufa siku moja, na mimi nimechagua kuiita siku ya ubatizo kwa sababu katika hayo matatu ndilo pekee lenye habari njema. Mume wangu akatoa hela ya kuku. Nikamnunua sokoni, akachinjwa na Mwislamu ili mama mwenye nyumba aweze kula. Mshumaa wa kanisani mtoto hakuupata, kwa hiyo nilinunua wa kawaida na kuupeleka ukabarikiwe. Tukauwasha, tukasali Nasadiki, nikauzima. Firigisi nikaiweka kwenye sahani, nikavuka ukumbi, nikampa mama mwenye nyumba.

"Mpe mumeo," akasema.

"Hii ni ya mwenye siku. Mwenye siku hayupo, anakula aliyembatiza."

Alikataa tena, nikamng'ang'aniza. Nilidhani ni adabu za watu wa pwani, za kukataa mara mbili ndipo mtu apokee. Akaila polepole huku ameinamisha macho, nami nikamshukuru kwa kumfungulia mwanangu mlango.

Tangu hapo ikawa desturi yetu. Nikapata mtoto mwingine, wa kike pia, huyu akabatizwa kanisani kwa raha zote, na akakua akijua kwamba nyumbani kwetu kuna siku yake na siku ya dada yake. Kwangu siku ile ya masika ndiyo iliyonisimamisha. Wakwe zangu walikuwa wakiniambia nihesabu walio hai. Kuna shangazi wa mume wangu aliwahi kusema mbele za watu kwamba yule hakuwa mtoto, ilikuwa mimba tu imeharibika. Nilimjibu kwa ukali ulionishangaza mwenyewe, kwamba mimba haibatizwi, na wangu amebatizwa. Hiyo ndiyo silaha niliyokuwa nayo. Sikuwa na picha, sikuwa na unywele wake. Nilikuwa na maji yale na maneno yale, na kwa hayo nilijua kwamba nina mtoto, na najua aliko.

Juzijuzi tu, mtaa wetu ukiwa umebakiwa na nyumba chache za chini katikati ya maghorofa, ndugu za mama mwenye nyumba wakaamua kuuza. Yeye alikuwa na sauti moja kati ya nyingi. Tukaambiwa tutafute pa kwenda. Nikajua siku ya mtoto itakayofuata ndiyo ya mwisho katika chumba alichozaliwa, nikaamua iwe kubwa. Nilipika pilau, kuku wawili na kachumbari, na badala ya kuvuka ukumbi na sahani nikamwalika mama mwenye nyumba aje tukae naye mkekani. Akaja amevaa doti mpya ya kanga.

Binti yangu alikuwa anajiandaa kwa komunyo ya kwanza, amejaa mafundisho mpaka shingoni. Wiki ile walikuwa wamefundishwa ubatizo wa hatari, na yeye akafurahi kuona ana mfano nyumbani kwao. Tukiwa tumeshasali, mshumaa umezimwa na sahani zimeshapakuliwa, akamgeukia mgeni wetu kwa heshima zote.

"Bibi, mwalimu katuambia hata Mwislamu anaweza kubatiza. Ila anayemwaga maji ndiye anayesema maneno. Akimwaga huyu akasema yule, siyo ubatizo. Wewe uliyasema yote mwenyewe?"

Mama mwenye nyumba alikuwa ameishika firigisi kwa vidole. Akairudisha kwenye sahani. "Mjukuu wangu, nenda uani kamletee mama yako maji ya kunawa," akasema.

Mtoto akatoka. Mimi nikacheka. "Si umjibu tu, mama? Huyu atakusumbua mpaka kesho."

"Mwanangu," akasema, "sikuyasema."

Mume wangu akaacha kutafuna.

"Ulinifundisha, nikakusikia vizuri. Lakini nilipofika pale kwa Mwana, ulimi ulikataa. Mimi tangu mdogo nimesomeshwa kwamba Mungu hakuzaa. Mauti yamesimama mlangoni pale, nami nikaogopa, wallahi. Nikasema bismillahi, nikamwagia mara tatu kama ulivyotaka. Nikaona maji ni yale yale, na Mungu anamwona."

"Lakini mimi nilisikia maneno."

"Ulijisikia mwenyewe. Ulikuwa unayarudia huku unalia, mpaka nilipomlaza kifuani kwako."

Nilikuwa nimerudi kwenye mkeka ule, nasikiliza upya. Sauti niliyoibeba miaka yote, sauti iliyombatiza mwanangu, ilikuwa yangu. Nilishangaa vipi sikuitambua.

Yeye akaendelea, kwa kuwa alishaanza. Alisema alitaka kuniambia nikipata nguvu. Padri akaja akamuuliza mbele ya maiti, na mimi ninamtazama, akaitikia kwa kichwa. Akajiambia atasema arobaini ikipita. Ikapita, mwaka ukaisha, nikamjia na sahani. "Ukanishukuru. Ningekwambiaje? Kila mwaka hiyo firigisi naimeza kama jiwe. Ila huyu mtoto kaniuliza, na mimi mtoto simdanganyi."

Kisha akasema jambo ambalo najua alilisema kwa upendo. "Kwetu mtoto mchanga hana hesabu, mwanangu. Ni ndege wa peponi."

"Huyo ni wa kwenu," nikamwambia. "Wangu je?"

Nikamwambia atoke chumbani kwangu. Nyumba ilikuwa yake, baba yake ndiye aliyeijenga, naye akajikusanya na doti yake mpya akatoka. Binti yangu akarudi na jagi la maji, akakuta bibi hayupo.

Mume wangu alijaribu. Siku za kwanza alininyamazia, za pili akanibembeleza, za tatu akachoka. "Yule alishaenda zamani," akasema. "Wewe ndiye unayemzika mara ya pili." Labda ni kweli. Ila yeye alifika mtoto ameshapoa, na anayefika kwenye msiba huona maiti tu. Mimi nilimwona akifumbua macho.

Nikaenda kwa padri. Si yule wa siku ile, yule alishahamishwa. Huyu ni kijana, mpole, alinisikiliza mpaka mwisho bila kugusa simu. Akasema Kanisa linamkabidhi mtoto kama huyu kwa huruma ya Mungu, na kwamba hamu yangu ya kumbatiza Mungu aliiona. Akaniambia nisijitese. Nilimshukuru kwa moyo, maana maneno yalikuwa mazuri na aliyasema vizuri. Lakini nilipokuwa navuka uwanja wa kanisa nilihisi mikono yangu mitupu. Zamani nilikuwa na tarehe. Sasa nimepewa matumaini, na matumaini kila mtu anayo.

Komunyo ya binti yangu ikafika. Gauni nilimshonea mwenyewe, na wenzake wengine pia nikawashonea. Kanisani, katika kusali Nasadiki ile ndefu, tulipofika kwenye maneno ya kuungama ubatizo mmoja ulimi wangu ukakataa. Watu pembeni yangu waliendelea, nikabaki nimefumba mdomo. Nikamkumbuka mama mwenye nyumba, nikazidi kukasirika.

Tulikuwa tumeshahama. Sisi tulipata vyumba viwili Ilala, yeye alienda kukaa kwa mwanawe Mbagala. Siku ya kuhama alisimama ukumbini vitu vyetu vikitolewa, nikampita na cherehani yangu kichwani kama vile nampita mtu barabarani. Sijui alilia au hakulia. Wiki chache baadaye nilipita pale nikitafuta vifungo, nikaona nyumba imeshawekwa chini. Mahali pa chumba chetu pamechimbwa shimo la msingi, limejaa maji ya mvua.

Masika yakarudi. Siku yenyewe ilipofika sikununua kuku. Mume wangu aliamka akaenda Mchikichini bila kuitaja, na mtoto akaenda shule. Mimi niliketi kwenye cherehani mlangoni nikashona pindo moja la sketi, nikalifumua, nikalishona tena. Mvua ilikuwa ya manyunyu. Mchana nikasikia hodi, na kabla sijainua uso nilishaijua sauti.

"Shikamoo mama," mdomo ukasema kabla hasira haijakumbuka kazi yake.

"Marahaba, mwanangu. Leo siku ya mwanetu."

Baibui lilikuwa limelowa chini. Amekuja kutoka Mbagala na kikapu, na kikapuni alikuwa na hotipoti iliyofungwa kwa kanga. Akaketi kwenye stuli ya wateja bila kukaribishwa, akafungua. Kuku wa kienyeji, wa nazi. Firigisi alikuwa ameitenga kwenye kibakuli chake, akakisogeza mbele yangu.

"Hii haikuwa yangu tangu mwanzo," akasema.

Kisha akaingiza mkono tena kikapuni akatoa birika. Lile lile, limebonyea mdomoni. Akainuka, akalijaza kwenye pipa langu la maji pale mlangoni, akarudi akaketi nalo mapajani.

"Nifundishe tena," akasema. "Nitayasema. Nimefikiri mwaka mzima. Mola ananijua moyo wangu, nitajibizana naye mwenyewe. Kama yatamfaa mtoto nitayasema yote, mpaka na hilo la Mwana."

Nilimtazama mama yule. Alikuwa amezeeka kwa mwaka mmoja kuliko miaka yote niliyokaa naye. Nikajua kilichomgharimu kusema vile, na nikajua kwamba katika dunia hii hakuna mwingine wa kusema mwanetu, maana waliomwona hai ni sisi wawili tu. Hasira ilinitoka. Laiti ingebaki, kwa sababu chini yake hapakuwa na kitu.

"Mama," nikasema, "aliyekufa habatizwi."

Hakuelewa mara moja. "Hata akikoseshwa na mtu mwingine?"

"Hata hivyo."

"Na tukienda kaburini? Nikamwagia pale pale, nikasema?"

"Hata kaburini, mama."

Maji yalikuwa yanamdondokea kwenye baibui kutoka kwenye ule mdomo uliobonyea, wala hakuyasogeza. Baadaye nililichukua birika mikononi mwake, nikayarudisha maji pipani, nikalikausha kwa kitambaa cha kazi na kulirudisha kikapuni mwake. Tulikula kidogo, kwa adabu. Mvua ilipokatika nikamsindikiza mpaka kituoni, nikamshika mkono kuvuka barabara.

Jioni binti yangu alirudi shule na njaa, akaenda moja kwa moja kwenye vyombo. Kuku aliyebaki alimwona, na kile kibakuli pia, mafuta yameganda juu ya firigisi. Akakishika, akanigeukia.

"Mama, hii ya nani?"

"Weka," nikamwambia. "Ya baba yako."